Mbuzi Yenye Haikupanda Ndege

Tarehe 9, mwezi ya kumi na moja

Mvua. Mwalimu ya bamama ku kanisa alisema tuandike kila siku, hata mustari moja, juu tusisahau herufi. Basi nimeandika: mvua.

Tarehe 12

Nday, mutoto yangu ya kwanza, leo alirudi na mbuzi. Alivuka nayo mji ya Kamina nzima mu mvua, amevaa kapoti ya marehemu baba yake ya kazi ya treni, chemin de fer. Mbuzi mbele, yeye nyuma, ungesema mbuzi njo iko inamupeleka muntu. Ni jike, nyeupe, sikio ya kushoto nyeusi tii.

Ni mbuzi ya mama. Mahari ya Glodie, muchumba yake, yote ilisha kufika kwabo, kule Malemba-Nkulu, hii tu njo ilibakia. Inapashwa kuwa jike, juu mama ya binti alizaa, na mbuzi yake nayo izae. Kumupatia dume ni kumutukana. Hii, hata mutoto mudogo ya Baluba anaijua.

Glodie iko na mimba ya miezi mitano. Kama mbuzi ya mama haifike, mutoto atakuwa ya jamaa ya Glodie, na jina bao njo batachagula. Nday anataka mutoto akamate jina yetu.

Nikamuuliza utaipeleka namna gani.

«Barabara imekufa, mama. Bacamion inalala mu matope juma nzima. Nitapanda ndege.»

«Na mbuzi?»

«Na mbuzi. Mule banapandishaka mpaka nguruwe.»

Ile ndege ndogo naijua. Ikipita juu ya nyumba inakohoa kama mashini ya kusaga bunga. Sikumukataza. Nikisema, ataniita muoga mbele ya dada yake.

Tarehe 15

Mbuzi imekula foulard yangu ya kichwa, ile ya kanisa.

Tarehe 18

Asubuhi Isaïe, ule ya pikipiki ya kukodi, alikuja kumuchukua. Balifunga mbuzi katikati yabo bawili, ikalia, ikasikika mpaka kule ku gare ya treni. Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikaomba Mungu palepale ku mulango. Muntu yangu akipanda kintu yenye haigusi udongo, naomba mpaka ashuke.

Mbele ya saa sita Isaïe akarudi. Na mbuzi.

«Mama Nday, pilote amekataa. Asema ndege imejaa mpaka ku mulango, hata kuku hataongeza. Nday akabishana, akabishana, mpaka bale bengine bakaanza kumucheka. Njo akanipatia kamba.»

Kisha telefone ikalia. Nday. Nyuma yake kelele ya moteur.

«Mama, chunga mbuzi ya bantu. Mvua ikiisha tutaipeleka na camion, minyi na weye. Sasa niache, banafunga mulango.»

Niliifunga ku muti ya mapera. Iko na kamba ya bleu, fundo yenye Nday alifunga mwenyewe.

Tarehe 19

Ndege haikufika.

Tarehe 2, mwezi ya kumi na mbili

Leo mukono inaweza.

Bavuvi ya upande ya Kinkondja njo baliiona, mu matete. Bantu nane. Hakuna mwenye alipona. Mutoto yangu nilimuzika mu sanduku yenye habakuruhusu tufungule. Juu ya ile sitaandika mingi. Nitaandika juu ya redio.

Ilikuwa siku ya pili ya kilio. Bamama balikuwa beko banaimba. Hadassa, binti yangu ya secondaire, akaja na telefone mukononi, uso kama majivu. «Mama, usiangalie.» Nikaangalia. Ni picha: Nday mbele ya ndege, anacheka meno yote inje, mbuzi kando yake. Alijipiga mwenyewe ile asubuhi, pilote akiwa bado hajamukatalia, akaiweka ku statut ya telefone yake na maneno: «Mama mukwe, mbuzi yako inakuja na mabawa.» Alitaka Glodie acheke. Basi.

Muntu, simujue nani, aliibeba ile picha akaongeza yake: mbuzi ilikata kamba mule mu hewa, bantu bakaogopa, bakakimbilia mbele bote pamoja, ndege ikainama, ikaanguka.

Saa saba redio yetu ya hapa ikasema vilevile. Sauti niliitambua. Ni Théo, mutoto ya Mama Béthanie, mwenye tulikomalisha mu kwaya. Alisema: «Bantu nane na mbuzi moja, dume kubwa na kali.»

Dume!

Nilisimama katikati ya kilio ya mutoto yangu nikapiga kelele: «Mbuzi iko pale! Muangalie basi!» Ilikuwa nyuma ya jikoni, inakula majani ya mihogo, haina habari na muntu. Bamama bakageuza vichwa. Bakaiangalia. Bakaniangalia. Moja akanivuta mukono, polepole, kama vile unavuta mugonjwa:

«Kaa, mama. Labda alikuwa na mbuzi mbili.»

Nikakaa. Nikangoja redio isome majina. Ilisema mbuzi, ikasema aina ya ndege, ikasema bakubwa bamesikitika. Majina habakusoma. Kisha matangazo ya sabuni.

Tarehe 5

Nilienda kulia kwa Rehema. Bwana yake Assumani alikuwa mu ile ndege. Ni bantu ya asili ya Maniema, ba musikiti. Rehema anauzishaka bitenge ku soko, na kila Pasaka minyi nanunuaka kwake, na kila Idi ananitumiaka wali. Nilibeba bunga mu beseni, vile tunafanyaka.

Alikuwa chini ku mukeka, bamama bamemuzunguka. Aliniona. Hakuinuka.

«Bunga yako, peleka kwa mbuzi.»

Habakucheka. Ingekuwa afadhali bangecheka. Nilirudi na beseni ku kichwa, na njia yote niliona bantu banaangalia beseni.

Tarehe 8

Mvua.

Tarehe 9

Mvua. Hadassa hakuenda ku masomo. Asema tumbo. Si tumbo.

Tarehe 11

Ku soko, batoto nyuma yangu: meee, meee. Mama ya samaki ya ndakala akabafukuza, kisha akageuka kucheka, mabega inatikisika. Niliiona.

Tarehe 13

Nilienda ku redio. Nilivaa nguo ya umoja ya bamama, juu bajue natoka mu kanisa, siko kichaa ya barabara.

Théo alinipatia kiti. «Pole, maman. Pole sana ya mukubwa yangu Nday.»

«Théo, mbuzi iko kwangu.»

«Mbuzi gani?»

«Ile yenye uliua ku redio.»

Alitaka kucheka. Akajizuia. Nilimueleza yote: pilote, Isaïe, kamba, sikio nyeusi. Aliangalia meza.

«Maman, ile habari haikutoka kwangu. Nilisoma tu yenye ilikuwa ku groupe ya telefone. Sasa imefika Kinshasa, imefika Bulaya, bazungu beko banaitafsiri. Hata ba redio ya Kinshasa banasema bameipata kwetu.»

«Kama habari iko yenu, muikamate muirudishe.»

«Kwa kusema nini? Mbuzi yenye haikupanda ndege?» Alishusha sauti, na naamini hakuisema na ubaya. «Maman, mu hii inchi ndege yenye inaanguka bila mbuzi ni ndege ya kila siku. Hakuna muntu angeisoma.»

«Basi soma majina yabo. Nane tu. Nday, Assumani, na bale bengine.»

«Tukisoma majina, bantu banabadilisha station.»

Nilimufundisha huyu mutoto wimbo ya Noeli, alikuwa hana meno ya mbele. Aliahidi atakuja na micro ya redio kuniuliza. Nikasema asante. Njo namna niko: bananipiga, nasema asante.

Tarehe 25

Noeli. Nilipika bukari, ile ugali yetu, ya bantu batatu; tuko bawili.

Tarehe 14, mwezi ya kwanza

Théo alikuja, na viatu ya matope mpaka ku magoti. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Niliita Isaïe, naye akasema yote ndani ya micro, hata maneno ya kuku. Minyi nikaonyesha sikio. Nikamuambia ainame aangalie kama ni dume.

Akainama. «Ni jike kweli.»

«Sema basi ku redio kama ni jike.»

«Nitasema, maman. Sasa, inaweza kulia kidogo? Kwa ambiance, ipendeze ku redio.»

Mbuzi haikulia. Ilimuangalia. Njo Hadassa akaifinya sikio, ikalia. Théo akaniuliza: «Na afya yake iko namna gani?» Nikajibu: «Iko muzima, tunashukuru Mungu, inakula.» Nilijibu tu kwa heshima, vile unajibu mugeni.

Tarehe 16

«Muujiza Kamina! Mbuzi ya ajali iko muzima!»

Kisha kilio ya mbuzi. Kisha sauti yangu: «Iko muzima, tunashukuru Mungu, inakula.» Isaïe hayuko. Pilote hayuko. Jike, hakuna. Bantu nane habako.

Hadassa alitupa redio ku ukuta. Sikumupiga. Niliokota vipande ya redio, nikaiunganisha na kipira, na ikasema tena.

Tarehe 20

Sasa bantu banakuja kujipiga picha nayo. Mama moja ya kanisa ya maombi alitoka mbali kuigusa ku kichwa, juu mutoto yake anasafiri juma ijayo. Nilimuambia: «Mama, hii mbuzi haikupona kintu. Ilikatazwa tu.» Akanijibu nisifiche neema. Wakati Nday alikuwa hai, hakuna muntu alitoka hata barabara ya pili kuja kumusalimia.

Tarehe 21

Mvua kubwa. Afadhali. Habakukuja.

Tarehe 29

Glodie alipiga telefone, sauti kama iko ndani ya kabati.

«Mama, minyi naamini. Lakini mama yangu amekataa mutoto akamate jina ya Nday. Asema ile jina haitaingia mu nyumba. Asema huku Malemba, ukisema Nday, batoto banalia kama mbuzi.»

«Umuambie mbuzi haikupanda.»

«Nilimuambia. Asema redio yote haiwezi kukosa pamoja.»

Basi. Mutoto yangu amekufa, na sasa banataka kumuondoa hata mu kinywa. Mbele nilikuwa nataka redio ikubali. Sasa sitaki redio tena. Nataka muntu moja, ule mama, akubali. Mutoto atazaliwa mwezi ya tatu.

Tarehe 6, mwezi ya pili

Ku kanisa Théo aliimba solo. Iko na sauti muzuri, hii njo inaniuma zaidi.

Tarehe 17

Rehema alikuja.

Nilikuwa natwanga sombe, majani ya mihogo. Aliingia bila hodi, peke yake, mu ushungi nyeusi. Nilifikiri amekuja kuua mbuzi. Nikasimama mbele ya muti ya mapera na mutwangio mukononi.

«Toka hapo, Mama Nday. Nataka kuiona.»

Akachuchumaa. Akashika sikio ya kushoto, akaigeuza, akaipapasa kama vile anapapasaka kitenge kujua kama ni ya kweli. Mbuzi ikaanza kukula ushungi yake. Hakuivuta. Kisha akakaa chini kabisa, mu matope, na nguo yake ya bei.

«Nyeusi,» akasema. «Vile alisema.»

«Nani?»

«Assumani. Alinipigia kutoka ku kiwanja ya ndege. Alikuwa anacheka. Asema: kuko kijana hapa banamukatalia mbuzi yake, nyeupe, sikio moja nyeusi, anamubishia pilote kama avocat mbele ya hakimu. Asema, ile mbuzi njo iko na bahati, leo italala kwabo. Kisha telefone ikakatika. Hakusema tena kintu kwa muntu.»

Nilihesabu siku mu kichwa.

«Kumbe ulijua.»

«Nilijua.»

«Tangu siku nilileta bunga.»

«Tangu mbele ya bunga.» Hakulia. «Mama Nday, nilitaka muntu ya kuchukia. Ndege haina uso. Mwenye ndege simujue, sijui hata anakaa inchi gani. Weye ulikuja mu mulango na beseni. Weye ulikuwa na uso.»

Nilitaka kumupiga. Mungu anaona, mutwangio ilikuwa mukononi. Nilirudi ku kinu nikatwanga, nikatwanga, mpaka sombe ikakuwa maji. Alibakia pale. Mbuzi ilimaliza upindo yote ya ushungi.

Kisha nikamuambia: «Twende ku redio. Useme hii yenye umeniambia.»

«Hapana.»

«Rehema!»

«Ile njo maneno ya mwisho ya bwana yangu. Nikiipeleka kule, kesho batasema: marehemu alicheka na mbuzi. Bataweka na kilio ya mbuzi nyuma. Sitabapatia, Mama Nday. Hata ukinilaani.»

Sikumulaani. Nilijua vile beko banakata sauti ya muntu.

Nikamuelezea juu ya Glodie, na mimba, na jina. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ku magoti.

«Kwa redio, hapana,» akasema. «Kwa ule mama, nitaenda.»

Tarehe 18

Sijamusamehe. Lakini asubuhi nilimupelekea sombe, juu nilitwanga mingi.

Tarehe 15, mwezi ya tatu

Glodie amezaa. Binti. Beko bazima bote bawili. Banamuita tu Bébé.

Tarehe 16

Mvua. Nalia, nacheka, Hadassa asema nichague moja.

Tarehe 4, mwezi ya ine

Hakuna mvua.

Tarehe 9

Mvua, mbaya ile.

Tarehe 20

Bacamion imeanza kupita. Rehema alipata nafasi kwa bantu babo ba biashara ya samaki. Hadassa atabakia kwa Mama Béthanie. Ndiyo, mama ya Théo. Aliomba yeye mwenyewe, na hakuweza kuniangalia mu macho.

Tarehe 23, Malemba-Nkulu

Njia ilitukula. Nililala juu ya mifuko ya chumvi na mbuzi ku miguu, Rehema pembeni na tasbihi yake. Ku barrière moja ya barabara askari akaangalia ndani, akaniangalia, akaita benzake.

«Mukuje! Hii si ile mbuzi ya ndege? Mama Mbuzi, salama?»

Camion nzima ikacheka. Minyi nikainamisha kichwa, vile nimezoea. Rehema akajibu:

«Ile ya redio ilikuwa dume, chef. Inama uangalie hii. Ao hata ile habakukufundisha?»

Sasa bakamucheka yeye, na barrière ikafunguliwa mbio. Nilicheka minyi pia. Ilikuwa mara ya kwanza nicheke juu ya ile maneno ya redio.

Mama ya Glodie banamuita Mama Kapenda. Alitungoja ku mulango, mikono imefungwa, muntu murefu, mukavu. Hakutukaribisha. Glodie akatokea nyuma yake na mutoto ku kifua, akaona ile sikio, akaanza kulia bila sauti.

Rehema alisema yote, wima pale pale mu jua, hakubakisha. Telefone, avocat, bahati, italala kwabo. Aliposema vile bwana yake alicheka, alicheka kidogo yeye pia, na ile njo ilikuwa ngumu kusikiliza.

Mama Kapenda asema: «Redio yote ilisema.»

«Redio haikuwa ku kiwanja,» Rehema akajibu. «Bwana yangu alikuwa.»

Nikanyosha kamba. Ile ya bleu, na fundo ya Nday, sikuifungula hata siku moja. Mama Kapenda hakuikamata bado. Akainama, akainua mukia, akaangalia. Akaangalia tena.

«Ni jike.»

«Njo jike,» nikasema. «Tangu Kamina.»

Njo akakaa ku ngazi ya mulango.

«Balisema dume. Kila siku dume, dume. Mama, minyi sikukasirika juu ya ndege. Ndege inaangukaka. Nilikasirika juu mutoto yako alikuwa ananiletea dume. Nilijiuliza: nimezaa binti yangu, nimemukomalisha, na beko bananitukana vile, mpaka ku redio?»

Miezi yote ile. Neno moja ya Théo, yenye alisema tu juu dume inaogopesha zaidi.

Akakamata kamba.

«Lakini ni mutoto muke,» akasema. «Nday alikuwa mwanaume.»

«Mu Kiluba jina haina suruali,» nikajibu, na Glodie akacheka na makamasi yake yote.

Tarehe 24

Jana sikumaliza kuandika.

Tulikula bukari na samaki ya ziwa Kisale, sisi bamama batatu na Glodie, mutoto ku magoti yangu. Mbuzi ilikuwa inje na ba ndugu yake ba mupya, inabagombeza. Redio ya nyumba ilikuwa inasema yake. Kisha tukasikia: ndege ndogo imeanguka, mbali, mu province ingine. Bantu sita. Inasemekana mwanamuke moja alikuwa amebeba mufuko ya kambale hai, na ikatoka.

Mikono yote ikasimama. Mama Kapenda akaniangalia. Rehema akaenda karibu na redio, lakini hakuizima. Nilijua anangoja nini, juu minyi pia nilikuwa nangoja.

Habakusoma majina. Baliweka muziki.

Nikafikiri juu ya ile mwanamuke, kama iko na mama, kama ule mama sasa hivi iko mu kilio, iko anaangalia kambale yenye haikupanda, ku ndoo nyuma ya jikoni. Kisha nikainua mujukuu yangu mbele ya uso yangu nikamuita Nday, Nday, na nguvu, juu ya ile muziki, mpaka jirani akatokea ku uzio ya lupango kuuliza kuko nini.